Beni: Mashindano ya sare, vyeo na gwaride yaliyoacha alama Afrika Mashariki

KILA ifikapo Julai 25, Watanzania huwakumbuka mashujaa wao. Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa kumbukumbu, naye Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime. Mwaka 2013 maadhimisho hayo ya kitaifa yalifanyika Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera, mahali walipozikwa wanajeshi waliopoteza maisha katika vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin ya mwaka 1978 na 1979.

Waliolala Kaboya walipigana kwa bunduki na mizinga, wakiwa wamevaa kombati na buti. Hata hivyo, taifa linapotaka kuonyesha sura ya mpiganaji wake mbele ya umma, huchukua silaha za mababu. Silaha hizo hazina kazi tena vitani, lakini kila anayeziona anajua zinasema nini.

Kumwigiza askari wa zamani kwa mavazi, zana na mwenendo wake ni jambo ambalo katika nchi nyingi limekuwa mchezo wenye vyama, kanuni na mashindano. Wapo wanaodhani mchezo huo haujapata kuwako katika ukanda huu. Historia inaonyesha vinginevyo. Kwa zaidi ya nusu karne, kuanzia miaka ya 1890, miji ya Afrika Mashariki ilishindana kwa sare, vyeo na gwaride, na mashindano hayo yaliitwa Beni.

Makala haya yanaeleza asili ya mashindano hayo, jinsi yalivyoendeshwa, mahali yalipobakia, na sheria inayomhusu mtu anayetaka kuvaa sare za kijeshi leo kwa ajili ya maonyesho.

Mchezo wenyewe duniani

Huko Ulaya na Marekani, wapenzi wa mchezo huu hujiunga katika vyama vinavyochukua sura ya vikosi vya zamani. Mwaka 1839, Earl wa Eglinton huko Scotland aliandaa mashindano makubwa ya wapiganaji wa farasi wa kale, yakaharibiwa na mvua kubwa. Mwaka 1961, wakati Marekani ikiadhimisha miaka 100 tangu kuanza kwa vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, pambano la kwanza kubwa la vita hivyo liliigizwa mbele ya maelfu ya watazamaji huko Manassas. Nchini Uingereza, mwaka 1968, Brigedia Peter Young alianzisha chama cha Sealed Knot, ambacho huigiza vita vya Mfalme na Bunge vya karne ya 17.

Kanuni kuu ya wachezaji wa aina hii ni moja: kitu ambacho hakikuwapo wakati ule hakiruhusiwi uwanjani. Saa ya mkononi, zipu, nguo ya nailoni na miwani ya kisasa humwondolea mshiriki alama. Waamuzi hukagua kofia, vifungo, mshono wa koti, aina ya kitambaa, mikanda, misumari ya viatu, na hata vitu vilivyomo mfukoni na kwenye shanta. Aidha, mshiriki huulizwa maswali. Ni lazima ajue alitoka kijiji gani, analipwa kiasi gani, anakula nini na kamanda wake ni nani.

Kwa hiyo mshindi huwa ni yule anayeweza kusimama mbele ya watu akiwa amekamilika, kuanzia nguo hadi maneno, hata kama sare yake si ya gharama kubwa kuliko za wengine. Kipimo hicho hakikuwa kigeni kwa watu wa Buhaya.

Buhaya: Kujigamba mbele ya Mukama

Katika falme za Wahaya, mpiganaji alikuwa na wajibu wa kujieleza hadharani. Desturi hiyo inaitwa kwebuga. Mwanamume alisimama mbele ya Mukama, yaani mfalme, akiwa na mkuki mkononi, akataja jina lake la kujisifu, ukoo wake, mapambano aliyoshiriki na utii wake kwa kiti cha enzi. Maneno yalitamkwa kwa kasi na kwa mpangilio wa kishairi. Aliyekwama katikati ya maneno yake aliaibika mbele ya rika lake.

Ngoma ya omutoro, ambayo ilikuwa ngoma ya ikulu, ilibeba heshima hiyo hiyo. Wachezaji walisonga mbele na kurudi nyuma kama watu walio vitani, wakinyanyua mikuki na fimbo. Profesa Mugyabuso Mulokozi, ambaye ametafiti kwa kina tungo za kishujaa za Wahaya zinazoimbwa kwa zeze la enanga, ameonyesha jinsi sanaa hizo zilivyofungamana na utawala na vita.

Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na kwa kufanya hivyo iliondoa jukwaa la asili la kwebuga. Sanaa yenyewe haikufa. Imehamia kwenye harusi, mapokezi ya viongozi na sherehe za kitaifa, ambako vikundi vya ngoma huvaa mavazi ya asili na kubeba mikuki ambayo kwa wengi wao haijawahi kuwa silaha.

Tofauti kati ya kwebuga na Beni ni kwamba katika kwebuga mtu alijisifu kwa vita vyake mwenyewe. Katika Beni, mtu alivaa sura ya askari wa dola lingine.

Beni yazaliwa pwani

Jina Beni limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi ya muziki. Mwanahistoria Terence Ranger, ambaye mwaka 1975 alichapisha kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo, anaeleza kuwa ilianza katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Wakati huo bendi za kijeshi, za manowari na za misheni zilikuwa zimeanza kusikika mara kwa mara barabarani.

Beni haikuota mahali patupu. Miji ya Waswahili ilikuwa tayari na vyama vya ngoma vilivyogawanya wakazi katika pande mbili. Huko Lamu, kwa mfano, ushindani kati ya Mkomani na Langoni ulikuwa wa miaka mingi. Kila upande ulijitahidi kuupita mwenzake kwa karamu, mashairi, mavazi na ukarimu. Ilipokuja bendi ya kijeshi, ushindani huo ulipata vazi jipya.

Huko Mombasa vikatokea vyama kama Kingi na Scotchi. Wanachama wa Scotchi waliiga vikosi vya Scotland, wakavaa sketi za mistari kama zile za wanajeshi wa huko. Kwa mtazamaji wa leo huenda picha hiyo ikachekesha, lakini kwa wakati wake ilikuwa kazi ya uangalifu mkubwa. Mikunjo ya sketi, soksi na hatua za gwaride viliangaliwa na watu waliowaona wanajeshi wenyewe wakipita bandarini. Kosa dogo lilionekana na kutungiwa wimbo na wapinzani.

Upande wa Tanganyika, vyama viwili ndivyo vilivyovuma zaidi: Marini na Arinoti. Marini walichukua sura ya wanamaji na kujinasibu kuwa watu wa mjini, wastaarabu na wenye elimu. Wengi wao walikuwa makarani, walimu na watu wa pwani. Arinoti walivutia zaidi vibarua, wapagazi na watu waliotoka bara. Vyama hivyo vilienea katika miji mingi kwa kufuata njia za askari, watumishi wa serikali na wafanyakazi wa reli, kiasi kwamba mtu aliyehamishwa kikazi aliweza kuwakuta wenzake wa chama katika mji mgeni kabisa.

Jinsi mashindano yalivyoendeshwa

Kila chama kilikuwa na ngazi za vyeo kuanzia juu hadi chini. Walikuwapo mfalme, jenerali, kapteni, daktari na askari wa kawaida. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao, wakiwamo malkia na wauguzi. Cheo kilipatikana kwa mchango, utumishi na kukubalika na wanachama, na kiliambatana na vazi lake. Kumwita mwenye cheo kwa jina la kawaida siku ya ngoma lilikuwa kosa.

Siku za mashindano zilikuwa hasa sikukuu. Chama kilitoka kwa maandamano, bendera ikitangulia, kikifuatiwa na ngoma na tarumbeta. Pale ambapo vyombo vya shaba havikupatikana, mafundi walitengeneza vyombo mbadala kwa vibuyu na vifaa vingine. Kisha likafuata gwaride, ukaguzi wa mistari na kwata. Baada ya hapo zilikuja nyimbo za mafumbo zilizowarushia wapinzani vijembe.

Hakukuwa na waamuzi wenye karatasi za alama. Mwamuzi alikuwa mji. Watazamaji waliangalia upande upi umenyooka mistari, upi una nguo safi, upi una muziki unaowapandisha watu mori, na upi umelisha wageni wengi zaidi. Karamu ilikuwa sehemu ya mashindano. Upande mmoja ukichinja ng'ombe wawili, mwingine ulijiona umetukanwa endapo ungeshindwa kuchinja watatu.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mashindano ya aina hiyo yaliweza kummaliza mtu mfukoni. Viongozi wa vyama waliingia kwenye madeni kwa ajili ya nguo, vyakula na vyombo, na wazee waliokuwa nje ya vyama hivyo walilalamika kuwa vijana wanateketeza mali kwa sifa za siku moja.

Hata hivyo, vyama hivyo havikuwa vya kuteketeza tu. Mwanachama aliyeugua mbali na kwao alihudumiwa na wenzake. Aliyefariki alizikwa kwa heshima. Mgeni aliyeingia mjini bila ndugu alipata mahali pa kulala. Kwa maelfu ya watu waliokuwa wakihama kutoka vijijini kwenda mijini, chama cha Beni kilikuwa ukoo wa pili.

Vita vya 1914 na Bukoba

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, wachezaji wengi wa gwaride walijikuta katika gwaride la kweli. Askari wa pande zote mbili, yaani wale wa jeshi la Wajerumani na wale wa King's African Rifles, ambao Waswahili waliwaita Keya, walicheza Beni kambini. Ngoma ikasafiri na majeshi.

Kagera haikupona. Juni 22 na 23, mwaka 1915, kikosi cha Waingereza chini ya Brigedia Jenerali J. A. Stewart kilivuka Ziwa Victoria kwa meli kutoka Kisumu na kuushambulia mji wa Bukoba. Shabaha kuu ilikuwa kituo cha Wajerumani cha mawasiliano ya redio. Miongoni mwa washambuliaji walikuwamo askari wa Kiingereza wa Royal Fusiliers chini ya Luteni Kanali Daniel Patrick Driscoll, wanajeshi kutoka India, na Keya. Mwindaji maarufu Frederick Selous, ambaye tayari alikuwa na umri uliozidi miaka 60, alikuwa mmoja wao. Kituo kilibomolewa, kisha askari wakaruhusiwa kuupora mji.

Kwa mtu anayetaka kumwigiza askari wa wakati huo kwa usahihi, tofauti za sare ni muhimu. Askari wa Wajerumani alivaa kaki, na kichwani tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki chenye nembo ya tai mbele. Miguuni alizungusha vitambaa kuanzia kwenye kifundo hadi chini ya goti. Wengi, hasa mwanzoni mwa vita, walitumia bunduki ya Mauser ya mtindo wa mwaka 1871, ambayo baruti yake ilitoa moshi mwingi na kumfichua mpigaji.

Hata vyeo vyake vilikuwa na historia. Mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipokusanya jeshi la kuvunja upinzani wa watu wa pwani, aliajiri Wasudani wengi huko Misri. Wakaja na majina ya vyeo ya jeshi la Misri, ambayo asili yake ni Kituruki. Ndiyo maana askari wa Wajerumani hapa nchini walikuwa na ombasha, shaushi, betshaushi, soli na efendi. Mwigizaji anayemwita askari wa Kijerumani wa mwaka 1915 sajini amekosea kabla hajapiga hatua.

Keya kwa upande wake alivaa kaptula za kaki, na mara nyingi alitembea peku au kwa makubazi. Mfano ulio karibu zaidi kwa mkazi wa Dar es Salaam ni Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya jiji. Ilisimamishwa mahali palipokuwa na sanamu ya von Wissmann. Mchongaji wake, James Alexander Stevenson, alionyesha kwa shaba mikunjo ya vazi, mkanda, bunduki na singe, na mtu anaweza kuyasoma hayo yote akiwa amesimama barabarani.

Mtu asiyeigizwa

Lipo vazi moja ambalo vyama vingi vya Beni havikulitamani. Hilo ni vazi la mpagazi.

Kwa kila askari aliyepigana Afrika Mashariki, walihitajika watu kadhaa wa kumbebea chakula, risasi na dawa. Magari yalikwama, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Wanaume walichukuliwa vijijini kwa maelfu, wengi kwa nguvu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee ni takribani 95,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa.

Jina la kikosi chao ndilo lililozaa jina la Kariakoo, soko na mtaa unaojulikana na kila Mtanzania. Makaburi yao mengi hayajulikani. Katika mnara wa kumbukumbu wa Nairobi, ulioko Kenyatta Avenue, mpagazi amechongwa akiwa pamoja na askari. Katika sanamu ya Dar es Salaam, askari amesimama peke yake.

Beni ilikuwa ngoma ya watu waliotaka kupanda hadhi, kwa hiyo ilieleweka kwamba mtu angependa kuwa kapteni au daktari. Lakini kwa yeyote anayetaka kuigiza vita hivyo leo kwa uaminifu, blanketi, kibati cha namba na mzigo wa takribani kilo 25 kichwani ndivyo vilivyokuwa sare ya wengi.

Watawala waingiwa na hofu

Vita ilipokwisha mwaka 1918, Beni ilikuwa imefika Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Maofisa wa Kiingereza waliokuwa wakiichukua Tanganyika walikuta vyama vyenye wafalme, majenerali na barua zinazosafiri kutoka mji hadi mji. Baadhi ya vyama vilikuwa bado na majina ya Kijerumani, na hilo liliongeza wasiwasi. Uchunguzi ulifanywa ili kujua kama kulikuwa na njama.

Haikuonekana njama. Lakini watawala hawakuacha kuvitazama vyama hivyo kwa jicho la shaka. Mwaka 1935, wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, chama cha ngoma cha Mbeni kilitajwa katika uchunguzi uliofuata, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na mtandao wa watu kutoka mgodi mmoja hadi mwingine. Watu waliojifunza kupanga mistari kwa ajili ya ngoma walikuwa wamejifunza pia kupangana kwa ajili ya mambo mengine.

Wapo waliowacheka wachezaji wa Beni kwa kusema wanawaiga wazungu. Ranger aliipinga tafsiri hiyo nyepesi. Kwa maoni yake, watu wa pwani waliichukua alama ya nguvu ya wakati huo na kuiingiza katika ushindani wao wenyewe, ambao ulikuwapo kabla ya wageni. Wengine wanaona kuwa hata hivyo ni vigumu kulisahau jambo moja: vazi lililoshindaniwa lilikuwa la jeshi lililoitawala nchi. Hoja zote mbili zina uzito, na hakuna iliyomaliza mjadala.

Mfano unaofanana uko Namibia. Baada ya Wajerumani kuwaua maelfu kwa maelfu ya Waherero kati ya mwaka 1904 na 1908, walionusurika walianzisha vikosi vya gwaride vinavyovaa sare za mtindo wa Kijerumani. Vikosi hivyo vilijitokeza katika mazishi ya kiongozi wao Samuel Maharero mjini Okahandja mwezi Agosti mwaka 1923, na kizazi baada ya kizazi kimeendelea kukusanyika huko kila mwaka. Kwao, kuvaa sare ya adui ni kuonyesha kuwa adui hakufanikiwa kuwamaliza.

Yaliyobakia

Katika miji ya Tanganyika, Beni ilianza kufifia katika miaka ya 1930. Muziki wa dansi ulikuwa umeingia, na vijana waliosoma walitafuta vyama vya michezo, vya wafanyakazi na hatimaye vya siasa. Watu waliozoea kuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina katika ngoma hawakuhitaji kufundishwa upya.

Hata hivyo, wajukuu wa Beni wapo. Mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, kuna ngoma ya mganda. Wachezaji wake huvaa nguo nyeupe zilizonyooshwa vizuri, husimama kwa mistari na kupuliza vibuyu vinavyotoa sauti kama tarumbeta. Ng'ambo ya ziwa hilo, nchini Malawi, ngoma ya malipenga bado hushindanisha vijiji, na kila timu huitwa boma. Nchini Zambia, ngoma ya kalela ya wafanyakazi wa migodini ilimfanya mtaalamu wa elimu ya jamii, J. Clyde Mitchell, aiandikie kitabu mwaka 1956.

Visiwani Zanzibar, Beni imebakia kuwa muziki wa harusi na maandamano ya mitaani, wenye ngoma, tarumbeta na vichekesho. Kikundi cha Mbwa Kachoka kimeipeleka hadi kwenye jukwaa la tamasha la Sauti za Busara. Kati ya hayo yote, lililobadilika zaidi ni sare. Nguo nyeupe, fulana zinazofanana na kofia za kuchekesha zimechukua nafasi ya kaki.

Sheria inasemaje

Mabadiliko hayo yana sababu za kisheria pia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inakataza raia kuvaa sare za majeshi, au vazi linalofanana nazo, bila kibali. Wakati huohuo sheria hiyo imeacha nafasi kwa maigizo ya jukwaani. Kwa maneno mengine, kinachopigwa marufuku ni kumfanya mwananchi amdhanie mtu kuwa ni askari, lakini mipaka ya kile kinachoruhusiwa si jambo la kukisia barabarani.

Mwezi Agosti mwaka 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia waliokuwa na sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo siku saba kuzisalimisha. Jeshi lilieleza kuwa sare hizo zilikuwa zikitumika katika uhalifu. Agizo hilo liligusa wafanyabiashara, wasanii na watu walionunua nguo za mabakamabaka katika mitumba bila kufikiria. Katika nchi jirani ya Uganda, mwaka 2019 serikali iliorodhesha kofia nyekundu za bereti kuwa sehemu ya sare za jeshi, hatua iliyowagusa wafuasi wa mwanasiasa Bobi Wine.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuigiza vita vya Kagera hakina budi kuanza kwa kuomba kibali kwa mamlaka husika kabla ya kununua hata kitambaa. Vazi la askari wa mwaka 1915 halifanani sana na sare za leo, lakini si kila mlinzi wa amani ataijua tofauti hiyo. Aidha, bunduki ya kuchonga kwa mti ni salama zaidi kuliko ya chuma iliyoharibiwa, kwani ya pili inaweza kuhesabiwa kuwa silaha.

Kumbukumbu za Kagera

Nyenzo za kazi hiyo zipo. Kagera Museum, iliyoko Nyamukazi mjini Bukoba, ina vifaa vya jadi. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam ina kumbukumbu za enzi za Wajerumani na Waingereza. Chuo Kikuu cha Frankfurt nchini Ujerumani kimehifadhi maelfu ya picha za makoloni, zikiwamo za Afrika Mashariki.

Nyenzo adimu zaidi, hata hivyo, haziko katika jengo lolote. Ziko katika nyumba za Kagoma, Muhutwe, Kyaka na vijiji vingine vya Bukoba, Muleba na Missenyi. Majeshi ya Amin yalipoingia katika eneo la kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, maelfu ya watu walikimbia makwao. Wapo waliopoteza ndugu, mifugo na nyumba. Wapo waliojiunga na mgambo, na wapo waliowabebea wanajeshi chakula. Novemba 2, mwaka huo, Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa azma ya kumpiga adui, na Aprili 11, mwaka 1979, Kampala ilianguka.

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 wakati ule sasa amevuka miaka 55. Askari kijana wa wakati ule ni mzee. Vita vya mwaka 1915 havina tena shahidi aliye hai, na anayetaka kujua Keya alifungaje mkanda wake analazimika kuitazama sanamu. Kwa vita vya mwaka 1978, mtu bado anaweza kubisha hodi na kuuliza buti zilikuwa za aina gani, chakula kilifungwa katika nini, na mgambo ambaye hakupewa sare alivaa nguo gani.

Maswali hayo yanaonekana madogo. Lakini ndiyo yaleyale ambayo mwamuzi wa mashindano humuuliza mshiriki, na ndiyo ambayo mpiganaji wa Kihaya alipaswa kuyajibu aliposimama na mkuki wake mbele ya Mukama: wewe ni nani, umetoka wapi, na ulifanya nini.